Hadithi Iliyoingia Sokoni



Twakumbuka mwaka 2013, habari za kware zilipoenea hapa Kenya. Ilisemwa kwamba mayai yake yaponya magonjwa mengi, na kwamba mfugaji atatajirika upesi. Bei yake ikapita mbali ile ya yai la kuku. Wengi walinunua ili wafuge, nao wauze. Kufikia 2014 wauzaji walizidi walaji, bei ikaanguka.

Sisi nasi tuliisimulia habari ile mlangoni mwa kanisa, wala hatukuuliza, "Ni nani atakayeyala mayai haya yote?" Mama mmoja mjane alituamini, akauza ng'ombe wake. Ilitubidi kwenda kwake kutubu.

Robert Shiller, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2019 jinsi hadithi zipitazo kinywa kwa kinywa zinavyowafanya watu wanunue au wauze, hata uchumi ukapanda au kushuka.

Bwana wetu alipoombwa kuamua habari ya urithi, alijibu kwa hadithi: tajiri aliyekusudia kujenga ghala kubwa zaidi, naye akatakiwa roho yake usiku ule ule (Luka 12:13-21). Hadithi ya kware ilizidisha tamaa yetu. Hadithi ya Bwana yaifunua.

Basi, tukiletewa habari ya faida, tuulize kwanza: Ni nani atakayenunua? Ni nani atakayeumia? Kisha ndipo tumsimulie jirani.

Mungu atusaidie. Amina.