Zawadi za Krismasi kwa Wapendao Kula na Kunywa

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo dogo linalosumbua wengi kila mwezi wa Desemba ufikapo. Tumpe nini katika sikukuu ya Krismasi yule ndugu au rafiki ambaye furaha yake ni chakula kizuri na kinywaji kizuri?

Mtu wa namna hiyo ana ulimi uliozoea kupambanua. Akionja mara moja, ajua kama kitu kimechaguliwa kwa ajili yake au kimeokotwa dukani usiku wa mkesha. Kwa kuona haya, wengi wetu hukimbilia mikebe ya biskuti yenye picha nzuri, tukatumia fedha ambayo mwezi wa Januari itatakiwa kwa sare na madaftari ya watoto. Lakini Afrika ya Mashariki ina vitu ambavyo watu wa ng'ambo huvitamani, na ajuaye kuvichagua aweza kutoa zawadi ya heshima kwa fedha kidogo. Wahenga walisema, Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi na tuvitazame kimoja kimoja.

Tuanze na asali. Katika misitu ya miombo ya Tabora, watu tangu zamani hutundika mizinga ya magogo na magome juu ya miti. Asali nzuri ni ile iliyoiva, yaani nyuki wenyewe wamekwisha kuifunika kwa nta ndani ya masega. Asali mbichi ina maji mengi. Maji yakizidi sehemu 20 katika 100, yaweza kuchacha ikatoa povu, na zawadi yako ikawa aibu. Kwa hiyo chupa ioshwe, ikaushwe kabisa, ndipo itiwe asali. Wako wasemao kwamba asali ikiganda ni dalili ya kuchanganywa na sukari. Sivyo, maana asali safi huganda yenyewe. Chupa ikitiwa katika maji ya moto kiasi, asali huyeyuka tena.

Liko onyo moja, nasi twaomba mlishike. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata kwa ncha ya kidole. Asali yaweza kuchukua mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezi kukizuia, na sumu yake hulegeza viungo, hata pumzi yaweza kukatika. Ukipeleka asali katika nyumba yenye mtoto mchanga, mpe mama mwenyewe mkononi, na neno hili umwambie.

Baada ya asali twaja kwenye kahawa. Wachaga wa Kilimanjaro wameilima kwa vizazi vingi, na mwaka 1933 wakulima wake waliunda chama cha ushirika kilichojulikana mahali pengi kwa jina la KNCU. Anayempa rafiki kahawa na ajue hivi: buni isiyokaangwa hukaa muda mrefu pasipo kuharibika, iliyokaangwa hupoteza harufu yake siku hata siku, iliyosagwa huipoteza upesi zaidi. Basi kama rafiki yako ana kinu, mpe buni zilizokaangwa juma lile lile, zikiwa nzima, ndani ya mkebe unaofunga sawasawa. Tia na kipande cha tangawizi kavu na iliki chache, apate kupika kahawa chungu kama ya watu wa pwani, ambao huinywa kwa vikombe vidogo pamoja na tende au kashata.

Wahaya wa Kagera wana desturi nyingine. Kwao kahawa hutafunwa. Huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa, na mgeni aingiapo hupewa punje chache kwa heshima. Mtu wa mikoa mingine ambaye hajapata kuitafuna atafurahi kuipata, maana mpenda chakula hufurahia kitu kigeni kuliko kitu ghali.

Na viungo je? Watu wengi hawafahamu jinsi vinavyohusiana na Krismasi. Keki nyeusi za matunda makavu zipikwazo Uingereza, na mikate ya tangawizi ya Ujerumani, hutiwa karafuu na mdalasini. Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akahimiza upandaji wake. Tufani kubwa ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi mno ya Unguja, na baadaye Pemba ikatangulia kwa mavuno.

Karafuu ni maua yachumwayo kabla ya kufunuka, kisha yakaanikwa juani. Ukitaka kuijua njema, ibonyeze kwa ukucha, nayo itatoa mafuta kidogo. Tena itie katika bilauri ya maji: iliyo nzuri huzama au husimama wima, na iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea imelala. Nunua karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga na bizari nzima, kila kimoja kidogo. Vipime katika vifuko vidogo vya kitambaa, kila kifuko kitoshe sufuria moja ya pilau. Mwenye kupokea vifuko sita atakukumbuka mara sita katika mwaka.

Ukipenda kuongeza chai, usiifungashe pamoja na viungo wala sabuni. Majani ya chai huvuta upesi harufu ya kitu kilicho karibu. Yape mkebe wao peke yao.

Tumebakiza karanga na kashata, nazo ni zawadi zipendwazo na watoto na wazee. Hapa twasema kwa mkazo. Karanga na mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu, na katika ukungu huo huwamo sumu kuvu. Mwaka 2004, upande wa mashariki wa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Moto wa jikoni hauiondoi, wala sukari ya kashata haiifichi isidhuru. Basi kabla ya kukaanga, mwaga karanga katika ungo mahali penye mwanga, uzichambue. Zilizosinyaa, zilizogeuka rangi na zenye ukungu zitupwe, wala kuku wasipewe. Kibaba kimoja kilichochambuliwa chapita pishi nzima isiyotazamwa.

Tena mkumbuke afya ya mtu mnayempa. Mwenye ugonjwa wa kisukari msimpelekee asali wala kashata, hata kama ni mpenzi wa vitamu, kwa kuwa mtampa jaribu badala ya furaha. Kwake yeye vifuko vya pilau, buni nzuri au chai vyafaa zaidi. Mama mzee asiye na meno msimpe korosho ngumu; mpeni ukwaju safi uliotolewa kokwa, aroweke apate maji ya kunywa wakati wa joto la sikukuu.

Wenye nia ya kufanya haya na waanze juma la kwanza la Desemba. Chupa zahitaji kukauka, karanga zahitaji kuchambuliwa kwa mwanga wa mchana, na bei ya viungo huelekea kupanda sikukuu ikikaribia. Nanyi wanafunzi mnaotusikia, kazi ya kushona vifuko na kuandika majina juu yake ni yenu. Andikeni kwa hati safi kilichomo ndani, siku kilipofungwa, na jinsi ya kukitumia.