Bwawa la Mtera na Samaki wa Kapuni Mwenu



Mmetuomba tuzungumzie samaki, nasi tunaanza na maji. Nyanda za Dodoma ni kame. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kisha mito mingi hubaki mchanga mtupu. Katika ukame huo limelala Bwawa la Mtera, lililojengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme. Maji yake huzungusha mitambo ya megawati 80 hapo hapo, halafu huteremka Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Mwari, mnandi na furukombe hawakungoja kualikwa. Viboko na mamba nao wapo. Maji yanapopungua, wafugaji hushusha ng'ombe kwenye majani mabichi, na wakulima hupanda mazao kwenye tope lile lile ambalo kiboko hulipita usiku akitafuta malisho.

Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi, juu ya bwawa. Maji yakinywea, samaki hubanwa mahali padogo na kuvuliwa kirahisi, wakubwa kwa wachanga. Hapo ndipo mlaji anapohusika.

Barabara ya Iringa hadi Dodoma hupita juu ya ukuta wa bwawa, na kando yake huuzwa perege na kambale, wabichi na wa kukaanga. Fungu la perege wadogo kama kiganja cha mtoto lina bei ya kuvutia. Tunakiri kwamba nasi tumewahi kulinunua. Perege wa namna hiyo aghalabu hajazaa hata mara moja. Kokoro hukokotwa kwenye kina kifupi, ambako dume huchimba kiota na jike huatamia mayai kinywani, na ambako ndege hutafuta riziki yao.

Samaki mbichi awe na macho maangavu, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ikibonyezwa. Lakini aliyevuliwa kwa sumu aweza kuonekana hivyo hivyo, na si kila sumu huondoka kwa kupikwa. Basi mwulizeni muuzaji samaki wametoka mwalo gani na wamevuliwa kwa zana gani. Akibabaika, mwacheni.

Na ikiwa mmekwisha kununua, kisha mkaingiwa na shaka? Msiwale, wala msiwape paka au kuku. Wafungeni kwenye mfuko, mwapeleke kwa afisa afya au afisa uvuvi aliye karibu, mkieleza mahali na saa mliyonunua.