Kikohozi cha Wiki Mbili na Panya wa Morogoro



Anayekohoa wiki mbili au zaidi hupaswa kupimwa kifua kikuu. Hata hivyo, hadubini huhitaji takriban vimelea 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo ivione. Mwenye vichache huambiwa hana ugonjwa, huku mapafu yakiendelea kuharibika.

Pengo hilo ndilo linalowashughulisha watafiti wa APOPO walioko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Tangu mwaka 2007, panya buku waliofunzwa (ndiyo, yuleyule anayewindwa kwa mbwa mashambani) hunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa katika vituo vinavyoshirikiana nao, vimelea vikiwa vimeuawa kwa joto. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Sampuli anayoishuku hurudiwa maabara, kwani pua pekee haitoi hukumu.

Ugumu huja baadaye: aliyeambiwa yu mzima sasa anatafutwa, naye pengine ameshapanda lori kuelekea Iringa, au aliacha namba ya simu ya kuazima. Daftari la kituo linahitaji kitongoji chake, jina la balozi na namba inayopatikana. Dawa hutolewa bure, na kwa kifua kikuu cha kawaida humezwa miezi 6. Makovu ya mapafu yaliyochelewa kutibiwa hayafutwi na kidonge.