Ovalodi Haina Kosa: Kinga ya Joto katika Mota Zinazosukwa Upya

Mada hii iliagizwa kwa kichwa kipana: jinsi swichi za joto zinavyokinga vifaa vya umeme visiungue. Mtoa mada amekipokea kichwa hicho kwa heshima zote, ila anaomba radhi mapema, kwa kuwa sehemu kubwa ya kurasa hizi imekwenda kwenye jambo moja ambalo amelibishania karakana hadi karakana kwa miaka mingi. Jambo lenyewe ni ncha mbili za waya zilizosokotwa pamoja na kufungwa tepu, ndani ya kisanduku cha mota, pale palipokuwa na swichi.

Ya utangulizi yapite upesi, maana hapa hakuna mgeni. Bamba la metali mbili hujipinda likipata joto kwa sababu metali moja hutanuka kuliko nyingine. Likifinywa kuwa kisahani kilichobonyea kidogo, hufyatuka kwa mara moja na kuzitenganisha ncha za umeme kabla cheche haijapata muda wa kuzila. Likipoa hurudi. Upande usiotanuka sana mara nyingi ni aloi ya chuma na nikeli, ya jamii ile iliyompatia Charles Édouard Guillaume Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Fyuzi ya joto ikishakatika haiungi tena. Themista haikati kitu yenyewe. Ukinzani wake hupanda ghafla joto likifika kiwango chake, na rilei husoma badiliko hilo. Ovalodi ya kwenye stata, kwa upande wake, haigusi koili ya mota kabisa. Hupima mkondo, kisha hukisia joto.

Hapo kwenye kukisia panahitaji kusimama kidogo. Mota ya mashine ya kusaga ikizibwa mapezi na unga, mkondo unaweza kubaki uleule uliopo kwenye kibati huku koili zikipikika, na ovalodi isione lolote. Kisahani kilichofungwa juu ya koili kitaona. Lakini nacho kina upofu wake: mota ikikwama, mkondo huruka hadi mara 6 au 8 ya kawaida, shaba hupata joto kwa sekunde, na joto hilo huchelewa kupenya vanishi na tepu hadi likifikie kisahani. Hapo ovalodi ndiyo huwahi. Kila moja inaona kile ambacho mwenzake hakioni, na fundi anayeondoa moja kwa hoja kwamba "nyingine ipo" ameacha mlango mmoja wazi.

Kuhusu hesabu, mbili tatu zinatosha. Joto la koili hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukizidi kwa asilimia 20, joto linalozalishwa huzidi kwa asilimia 44. Fezi moja ikikatika mota ikiwa kazini, mkondo kwenye fezi mbili zilizobaki hupanda kwa takriban mara 1.73, na joto kwenye koili zinazobeba mkondo huo hufika karibu mara 3. Kihami cha daraja F huvumilia nyuzi 155 za sentigredi. Kanuni ya kazi inayojulikana ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hupunguza umri wake kwa takriban nusu. Kihami cha saa 20,000, kikiendeshwa kwa nyuzi 175, kinabakiwa na saa 5,000. Hakitoi moshi, hakinuki, na mwenye mashine hana habari.

Kibati cha mota kina sharti jingine ambalo wengi hawalisomi. Kwa kawaida nguvu iliyoandikwa pale ni ya hewa isiyozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000 juu ya bahari. Mbeya iko karibu mita 1,700, Nairobi karibu 1,800. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Baridi ya nyanda za juu husaidia kiasi, hilo halikataliwi, lakini mota iliyokuwa ikifanya kazi kwa raha Tanga inaweza kuanza kukatwa na swichi ikihamishiwa Mbeya na kubebeshwa mzigo uleule. Ikitokea hivyo, swichi ndiyo hushukiwa.

Wanaodhani haya ni makosa ya mtaani pekee wakumbuke Apollo 13. Ndani ya tangi namba 2 la oksijeni la chombo hicho kulikuwa na hita zilizolindwa na swichi za joto, zilizokusudiwa kukata kwenye nyuzi 27 hivi. Swichi zilikuwa za volti 28. Mwaka 1965 maelekezo yalibadilishwa ili hita ziweze kutumia volti 65 za mitambo ya kituo cha kurushia, ila swichi zikabaki zilezile. Machi 1970, wiki chache kabla ya safari, oksijeni iligoma kutoka tangini na hita zikawashwa kwa saa 8 ili kuifukuza. Swichi zilipojaribu kukata, ncha zake zikalehemika pamoja. Kipimo cha joto kilikuwa hakisomi zaidi ya nyuzi 30 hivi, kwa hiyo aliyekuwa akikitazama hakuona ajabu, wakati ndani ya bomba la hita, kwa makadirio ya uchunguzi, joto lilipita nyuzi 500. Vihami vya waya viliharibika. Tarehe 13 Aprili tangi lilipasuka, wanaanga watatu wakiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani.

Swichi ya joto, kwa hiyo, ina namba mbili: ya joto na ya umeme. Fundi anayebadilisha kwa kuangalia nyuzi peke yake, akaacha volti na ampea, amerudia kosa la tangi lile kwenye mota ya pampu.

Sasa kwenye kiini. Shahidi wa kwanza ni feni ya mezani. Bushi zake hukauka mafuta, shafti huwa nzito, koili hupata joto, na fyuzi ndogo iliyofichwa chini ya tepu ya koili hukatika. Hiyo ndiyo kazi yake, imeifanya. Feni hupelekwa kwa fundi, fundi anaikuta fyuzi haipitishi, ananunua nyingine na kuilehemu. Risasi ya kulehemu ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 183 na kuendelea. Ncha ya pasi ya kulehemu huwa juu ya nyuzi 300. Fyuzi yenyewe ni ya nyuzi 130 hivi. Inakatika mikononi mwake kabla feni haijafungwa. Anajaribu ya pili, nayo vilevile. Anahitimisha kwamba zote ni feki, anapiga jampa, na tangu siku hiyo hanunui tena. Mtoa mada amekutana na hitimisho hilo mara nyingi kiasi kwamba hawezi kumlaumu sana fundi. Hakuna aliyemwonyesha kwamba miguu ya fyuzi hubanwa kwa kikonyo cha kubana, au ikilazimu kulehemu, mguu hushikwa kwa koleo katikati ya fyuzi na risasi ili koleo linywe joto.

Na bushi? Bado kavu. Feni imerudi nyumbani ikiwa na ugonjwa uleule, bila kinga, ikiwashwa usiku kucha karibu na chandarua.

Kwenye mota kubwa mambo huenda taratibu zaidi na hasara ni nene. Mota ikiungua, waya wa zamani hukatwa na kuchomwa ili utoke kwenye nafasi zake. Kisahani kilichofungwa kwa uzi kwenye kichwa cha koili hutoka na majivu. Fundi husuka kwa ustadi: idadi ya mizunguko sahihi, unene wa waya sahihi, vanishi mbili. Hakirudishi kisahani, kwa sababu hakikuwa katika bei waliyokubaliana, au hakuna dukani, au ana hakika kwamba ndicho kilichokuwa kinasumbua. Ncha mbili kwenye kisanduku husokotwa pamoja ili kontakta ikubali kuvuta. Mteja anapokea mota inayozunguka na risiti isiyosema lolote.

Haki itendeke kwa pande zote. Mwenye mashine naye anasimama mlangoni: "Fundi, wateja wana ndoo foleni tangu asubuhi, wewe niwashie tu, mengine tutaona." Ovalodi ikikata mara ya pili, kirekebishi chake huzungushwa hadi mwisho kwa bisibisi. Mota ya ampea 15 hulindwa na ovalodi iliyowekwa 25, yaani hailindwi. Mada hii haikusudii kuinyooshea kidole karakana, chuo wala mamlaka yoyote, na suala la volti zinazofika kwenye nguzo ya mwisho lina wenyewe. Hata hivyo, mota iliyobebeshwa mzigo uleule huku volti zikishuka huvuta mkondo zaidi, na ovalodi inayokata saa moja jioni kila siku inatoa taarifa. Kuipiga jampa ni kuichana barua bila kuifungua.

Mapendekezo ni haya, na baadhi yalikwisha kutolewa katika semina zilizopita. Mota inayosukwa irudishiwe swichi yake ya joto au inayolingana nayo kwa nyuzi, volti na ampea. Bei ya kusuka itajwe ikiwa na swichi ndani yake tangu mwanzo, isiwe nyongeza ya kubembelezana. Kama swichi haikupatikana, risiti iseme hivyo kwa maandishi na mteja asaini. Mtoa mada anaamini saini hiyo peke yake itapata swichi nyingi ambazo leo "hazipo dukani". Ovalodi iwekwe kwenye ampea za kibati. Kwa stata ya sta-delta, ikiwa ovalodi imefungwa ndani ya njia ya delta, iwekwe kwenye 0.58 ya ampea hizo, kwa hiyo mota ya ampea 20 huwekwa 11.6. Hili la 0.58 lirudiwe vyuoni hadi wanafunzi walichoke.

Swichi ikikata, kabla ya kuigusa fundi apime ampea za kila fezi na volti za kila fezi mota ikiwa na mzigo, kisha atazame feni ya mota, mapezi na beringi. Asipokuta kosa ndipo aishuku swichi. Themista isipimwe kwa mega hata kidogo, maana volti zile huiua, na mota ikaonekana mbovu kwa kosa la mpimaji. Ovalodi ya msumeno, ya mashine ya kukamua na ya chochote chenye meno iwekwe kurudishwa kwa mkono. Iliyowekwa ijirudishe yenyewe itawasha mashine wakati kidole kiko ndani. Na swichi irudishwe kwenye mota inayosukwa. Limesemwa juu, linasemwa tena.

Vyuo vya ufundi stadi vinaombwa, kwa unyenyekevu, viongeze somo la vitendo la fyuzi ya joto, ambalo halihitaji mtambo wa gharama. Kwa zoezi la mchana wa leo, kila mshiriki atakuta mezani fyuzi mbili za nyuzi 130, koleo, kikonyo cha kubana na pasi ya kulehemu. Ya kwanza ailehemu kama alivyozoea kisha aipime. Ya pili aibane.