Mtoto "Msaidizi" Akiumia, Nani Anawajibika?

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Tunduma



Hapa Tunduma tumezoea kumwona mtoto akishusha mizigo kwenye lori linalosubiri kuvuka kwenda Nakonde, au akimwaga mahindi kwenye mashine ya kusaga. Tukiuliza tunajibiwa, "Huyo si mfanyakazi, anasaidia tu." Siku mkanda wa mashine ukimkata vidole, mwenye mashine analipia dawa, anampa mzazi madebe mawili ya mahindi, na watu wanasema yamekwisha.

Kisheria hayajaisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kazi za hatari haruhusiwi mpaka atimize miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza pia kumfanyisha kazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Kukosa mkataba wa maandishi si kinga. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaangalia hali halisi: nani anampangia kazi na muda, na vifaa ni vya nani. Aliyemweka mtoto penye hatari kwa uzembe anaweza kudaiwa fidia mahakamani, mbali na faini au kifungo. Mkono ule ulikuwa umlishe mtoto huyu maisha yake yote. Madebe mawili hayaulipi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu. Kwanza, mtoto akiumia awahishwe hospitali, PF3 ichukuliwe polisi, na majina ya mashahidi yaandikwe siku hiyo hiyo. Pili, taarifa ifike kwa afisa ustawi wa jamii na afisa kazi kabla mzazi hajaweka dole gumba kwenye karatasi yoyote ya mapatano. Tatu, tujiangalie wenyewe: ni nani wanaobeba matofali na kuchota maji kwenye ujenzi wa makanisa yetu? Kamati inayosimamia ujenzi nayo yaweza kuhesabiwa mwajiri.

Nanyi wafadhili wetu, mnapotuuliza gharama za vibarua, tuulizeni na umri wao.