Mtaro, Bati na Sigiri: Maneno ya Walimu kwa Wakimbizi wa Kampala



Sisi tunaokaa Kampala hatumo katika mgao wa chakula kama wenzetu wa Nakivale. Kila shilingi ya matengenezo hutoka katika unga wa watoto.

Wako wasemao: nyumba si yetu, kwa nini tumtengenezee mwenyewe? Kweli, ukuta ni wake. Lakini godoro linalolowa ni letu, na madaftari ya watoto pia. Sisi walimu tunayaona yakija shuleni yamevimba.

Mvua kubwa hapa hunyesha Machi hadi Mei, tena Septemba hadi Novemba. Maji ya Kisenyi huteremkia mfereji wa Nakivubo, na takataka zikiziba mtaro, yanaingia mlangoni. Basi mtaro usafishwe mapema, na msumari wa bati uliolegea ugongwe jua likiwa bado kali. Kila wiki tumwage maji yaliyotuama katika makopo na matairi mabovu, maana yai la mbu huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14.

Sigiri, au mbabula kwa watu wa Bukavu, ikipasuka udongo wake hula makaa zaidi. Tuzibe ufa kwa udongo wa kichuguu, tuiache ikauke kivulini kabla ya kuwasha.

Kamati ina majembe na nyundo za kuazima. Jumamosi, saa moja asubuhi, tutaanza na mtaro wa nyuma ya kanisa. Ndugu wa mashirika wakipenda kutusaidia, misumari ya bati ndiyo imetuishia.