Kati ya Toba na Ushuhuda: Kazi ya Kanisa kwa Mraibu

Mada kwa semina ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuushinda uraibu kwa imani ya Kikristo. Kwamba Mungu anaponya, tunaamini sote, sitalitetea hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba tunamharakisha mno mraibu. Jumapili hii anaongozwa sala ya toba, Jumapili ijayo anapewa kipaza sauti ashuhudie, na akirudi kijiweni wiki ya tatu tunasema hakuokoka kweli. Kati ya toba na ushuhuda pana safari ndefu, na humo ndimo tunamwacha atembee peke yake.

Tuanze na mwili. Mtumiaji wa heroini akikosa kete, arosto humwanza ndani ya saa chache: makamasi, machozi, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, kisha hali hutulia baada ya kama wiki. Wapo wenzetu wanaomwona kijana akitetemeka hivyo wakasema pepo anatoka. Siyadharau maombi ya kufunguliwa. Lakini pale mwili unadai kile ulichozoeshwa, na hali hiyo ina tiba.

Kwa mlevi wa pombe wa miaka mingi, hatari ni kubwa zaidi. Akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, akachanganyikiwa, hata akafa. Kumfungia kwenye chumba cha maombi na kumwambia afunge siku tatu ni kucheza na uhai wake. Apelekwe hospitali kwanza, na mchungaji aende naye.

Lipo na hili ambalo halisemwi vya kutosha. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hauihimili tena kama zamani. Kijana akitoka kambi ya maombi, akateleza, akatumia kiasi kilekile alichozoea, pumzi yake inaweza kukatika papo hapo. Siku ya kutoka kambini, tunayoishangilia kwa mapambio, ndiyo siku ya kutomwacha peke yake.

Hapa Tanzania tiba ya methadoni, dawa ya kunywa kwa waraibu wa heroini, ilianza Muhimbili mwezi Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine. Aliye kwenye tiba hufika dirishani, muuguzi akampimia dawa ya maji katika kikombe kidogo, akainywa palepale, akasemeshwa kidogo ili ijulikane amemeza. Kesho tena, na keshokutwa. Imehubiriwa kwamba huko ni kuacha ulevi mmoja na kushika mwingine. Naikataa kauli hiyo kwa moyo wangu wote. Dozi iliyopimwa sawasawa humwondolea arosto bila kumlewesha. Anafanya kazi, analea watoto, anakaa ibadani na kulisikia Neno. Mwenye kisukari hatumwambii aache insulini ili aonyeshe imani.

Isomeni tena Luka 10. Yule Msamaria alifunga majeraha, akampeleka mtu kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili na kuahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Methadoni hutolewa bure, lakini nauli ya kila siku si bure, na kwa mtu asiye na kazi nauli hiyo ndiyo inayokatisha tiba. Diakonia yetu inanunua viti vya plastiki. Inaweza kulipa nauli.

Kuhusu kuteleza, historia inatufundisha. Mwezi Mei 1935, mjini Akron, Ohio, Bill Wilson alikutana na daktari Robert Smith, walevi wote wawili. Wote walikuwa wamepitia vikundi vya Oxford, harakati ya Kikristo iliyoanzishwa na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri, na humo walijifunza kuungamiana kama anavyoagiza Yakobo sura ya 5. Smith akaacha pombe. Muda si mrefu akasafiri kwenda mkutano wa madaktari na akalewa tena. Wilson hakumtupa. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambao hatua zao 12 zinafuatwa leo katika nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba, Bara na Zanzibar, na Wakristo kwa Waislamu. Je, kwetu Smith angekuwa tayari amewekwa chini ya marudi?

Tuangalie na meza ya Bwana. Ndugu aliyeacha pombe anapopiga magoti madhabahuni, harufu ya divai ni jaribu tunalomfikishia mdomoni. Juisi ya zabibu isiyochacha iwepo, kwa utaratibu usiomwanika mbele za watu.

Na nyumbani kwa mraibu yupo mama yake. Sufuria zimeuzwa moja moja, kisha kitenge cha sherehe, kisha redio. Jumuiya ameacha kuja kwa sababu ya aibu, na sisi tumemwandika mtoro. Naomba, kabla hatujatoka ukumbini, kila usharika uteue watu wawili wa kwenda kwake wiki hii, na waendelee kwenda, mwanawe awe ameacha au hajaacha.